Karatasi za Lili

Zila alikata roho Jumanne asubuhi, birika likiwa linaanza kuchemka jikoni. Dada yake Trifena akamfunika uso, akashuka ngazi, akaliepua birika, akajimiminia chai. Ilikuwa chai ya maziwa na vijiko viwili vya sukari, ileile ya siku zote. Alipoimaliza aliosha kikombe, akakifuta, akakitundika kwenye msumari wake. Ndipo alipokumbuka kwamba inampasa kulia. Akaketi kuyangoja machozi, na hayakuja.

Mtu mwingine angesamehewa. Lakini huyu alikuwa Trifena Helliwell, ambaye zamani aliwaliza wanawake wa Uingereza kuanzia majumba ya mabwana mpaka vyumba vya wafua nguo, tena kwa kalamu tu. Watoto wa watu wengine waliokufa, wasio na sura wala majina kwake, alikuwa akiwaombolezea kwa beti nne na kuzipeleka posta kabla ya saa sita. Leo amefiwa na mdogo wake wa damu, aliyekaa naye nyumba moja tangu wote wawili wakiwa na meno yao, na alichokiona chumbani mle ni kwamba dirisha linahitaji kufutwa.

Alikuwa na jambo moja tu la kufanya, na alilijua. Zila alikuwa amemwagiza Jumapili, kichwa kikiwa kwenye mito miwili, sauti imebaki kama uzi.

"Dada."

"Naam."

"Biskuti zitatoka?"

"Biskuti zipi?"

"Zangu. Usijitie hamnazo, nakufa na wala si siri. Biskuti zitoke, maana watu watapanda mlima huu kwa miguu, haifai warudi mikono mitupu. Ila zifungwe kwenye karatasi nyeupe. Jina langu na mwaka. Basi."

"Bila beti?"

"Bila Lili," alisema Zila. "Miaka thelathini na minane nimeishi na Lili wako humu ndani na sikufungua mdomo. Kaburini nataka niende peke yangu."

"Nakuahidi."

"Hebu sema tena, niione midomo yako."

"Nakuahidi, Zila."

Huko Oxroyd, kijijini kwao, maiti haitolewi nyumbani mpaka kila aliyekuja ameshikishwa biskuti yake mlangoni, imefungwa vizuri kwenye karatasi yenye beti na kupigwa muhuri wa lakiri nyeusi. Biskuti italiwa nyumbani na wajukuu. Karatasi inaingia kwenye Biblia ya familia, na humo inakaa mpaka mwenye Biblia naye afungiwe zake. Ukizifungua Biblia za bonde lile, nyumba kwa nyumba, utakutana na beti ileile:

*Lili wetu mesinzia, kitandani mwake shwari,*
*Malaika memjia, na viatu vya fahari;*
*Mama wacha kulilia, mwanao yuko safari,*
*Mbinguni ametulia, kiti chake cha johari.*

Chini ya beti hiyo hapakuwa na jina la mtu. Zamani lilikuwepo.

Trifena alizaliwa na mfumaji wa mkono, chini ya kitanda cha kufumia kilichojaza nusu ya nyumba, na mizani aliipata hapo kabla ya kusoma, kwa kuhesabu mapigo ya baba yake. Akiwa na miaka kumi na sita gazeti la mji wa jirani lilichapa shairi lake juu ya mafuriko. Baba alilisoma mara tatu, akasema, "Haya, lakini nani atasokota sufu?" Aliyesokota sufu ni Zila, aliyekuwa na miaka kumi.

Mwaka 1850 mume wa Zila aliangukiwa na jiwe machimboni, na miezi minne baadaye Zila akajifungua mtoto wa kiume. Akamwita Elisha. Elisha aliishi siku kumi na moja. Mama Uttley wa nyumba ya tatu, ambaye pale mtaani ndiye huwapokea wanaokuja na kuwaosha wanaoondoka, alimpokea na kumwosha katika majuma mawili. Zila alikuwa akimfumia soksi. Walipomlaza kwenye kisanduku, Zila alimvisha mguu mmoja, akatazama ule mwingine, akasema, "Nimemaliza kimoja tu." Hakusema zaidi siku ile, wala kesho yake.

Trifena alikuwa chini jikoni, anaandika. Tusimseme vibaya: alilia kwelikweli siku ile, karatasi ililowa. Ila mkono wa mtunzi haumwogopi Mungu. Soksi moja ikawa viatu vya fahari. Kisanduku kikawa kitanda shwari. Elisha akawa Lili.

Kitabu chenye beti hiyo kilipokuja kutoka London, kile chenye jalada la hariri ambacho mabibi walipeana wakati wa Krismasi, Zila alikisoma akiwa amesimama.

"Mbona Lili?" aliuliza.

"Jina la Elisha halikai kwenye mstari. Mizani inazidi moja."

"Inazidi moja," alisema Zila. "Haya."

Akakifunga, akaenda kuanua nguo, na hapo mazungumzo yakaisha kwa miaka thelathini na minane.

Utukufu ukaja. Barua zilikuja kwa vikapu. Shule ya Jumapili ilimzawadia Trifena kidau cha wino cha fedha. Aliitwa London akala chakula cha jioni kwa bibi mmoja ambaye mbwa wake alikuwa na kiti chake mezani, na bibi yule alimwomba asome *Lili*, akalia juu ya mchuzi. Vitabu viwili, vitatu, vitano. Kisha ladha za watu zikageuka, kama zinavyogeuka. Vijana wakaanza kucheka pale mama zao walipokuwa wakilia. Wahariri waliomjua wakafa, waliowarithi wakamrudishia karatasi zake bila hata salamu. *Lili* peke yake ndiye aliyebaki, maana wenye mashine za kuchapa karatasi za biskuti waliona jina la mtunzi linakula nafasi, wakaliondoa.

Na wakati wote huo, kengele ya kiwanda ikilia, Zila alivaa shali akashuka bondeni. Alisimama kwenye mashine za kufumia miaka thelathini, hadi masikio yakaziba akawa anasoma midomo. Mwenye jina alikuwa Trifena, mwenye mshahara alikuwa Zila. Mkate uliokuwa ukiliwa na mtunzi ulikuwa wa yule ambaye mtoto wake alibadilishwa jina ili mstari ukae sawa.

Haya yote Trifena aliyajua. Aliyajua Jumanne ile pia, ameketi mbele ya kikombe kilichotundikwa, na hayakumuuma. Yalikuwa kama habari za mtu wa mji mwingine.

Jumatano Bwana Sutcliffe mwoka mikate alikuja, kofia mkononi, unga kwenye nyusi. Mwoka mikate yule alipenda misiba. Si kwa ubaya. Alikuwa mtu anayejua kazi yake, na misiba ndiyo iliyoionyesha.

"Pole sana, Bi Trifena. Pole. Zila alikuwa mtu. Mwaka jana alinirudishia mkate akaniambia una uzito wa dhamiri yangu."

"Asante."

"Kwa hiyo, biskuti. Za tangawizi?"

"Ndiyo."

"Na karatasi? Kama kawaida?"

Trifena alikuwa anatazama unga kwenye nyusi zake. Aliwaza kwamba mvua ikimnyeshea atakuwa na donge. Aliwaza hilo kwa makini, kana kwamba ndilo lililoulizwa.

"Bi Trifena? Kama kawaida?"

"Kama kawaida," alisema Trifena.

Ahadi ni deni, walisema wa kale, na yeye aliitupa mlangoni kwa maneno mawili, akafunga mlango, akapanda juu kumsaidia Mama Uttley kumbadilisha maiti shuka. Hakuhisi kitu. Hilo ndilo ningetaka mlielewe kabla hamjamlaumu. Moyo ukifa ganzi, ulimi unajiendea wenyewe, na wa Trifena ulikuwa umezoea njia moja.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, mtu wa Sutcliffe alitua vikapu viwili jikoni na kuondoka. Mama Uttley alikuwa anakata paja la nguruwe kwa ajili ya watakaorudi kula. Alikuwa na miaka themanini kasoro, mikono yake bado imara, na kisu kilimpendeza. Trifena alifunua kitambaa. Biskuti zilikuwa zimepangwa safi, karatasi zenye kingo nyeusi, lakiri inang'aa. Akachukua moja, akaigeuza.

*Lili wetu mesinzia.*

Akachukua nyingine. Akachukua ya tatu, sijui alitegemea nini.

"Mama Uttley."

"Ee."

"Zila aliniomba zisiwe na beti. Nilimwahidi."

Mama Uttley aliweka kisu chini, akaja, akatazama. Alikuwa hajui kusoma, lakini karatasi ile aliijua kwa umbo lake.

"Sasa ilikuwaje?"

"Sutcliffe aliniuliza, nikasema kama kawaida."

"Wee Trifena!" Mama Uttley alipiga paja lake kwa kiganja. "Mtu na akili zake zote! Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo mlangoni."

"Haya, maji yakimwagika hayazoleki. Watu wanafika saa nne. Waache. Zila hasikii, alikuwa hasikii hata akiwa hai. Utawapa nini, biskuti tupu? Hata mbwa wa mwenye kiwanda alizikwa na karatasi, nilimwona mimi kwa macho yangu."

Trifena aliketi, akavuta kikapu katikati ya magoti, akavunja lakiri ya kwanza kwa ukucha. Akafunua karatasi, biskuti akaitia kwenye bakuli kubwa la kukandia unga, karatasi akaitupa motoni. Akavunja ya pili. Hakufanya haraka wala hakufanya polepole. Karatasi zilishika moto vizuri. Lakiri iliyeyuka ikatoa harufu ya kanisa wakati wa baridi.

"Watakusema mpaka Pasaka," alisema Mama Uttley.

"Wacha waseme."

"Watasema umefilisika."

"Nimefilisika."

Mama Uttley aliguna, akajifuta mikono kwenye aproni, akavuta kiti na kikapu cha pili. "Nami nilimwosha yule mtoto," alisema, akivunja lakiri kwa kile kisu cha nyama. "Hakuwa na chochote cha Lili. Alikuwa na masikio makubwa, masikini, kama ya baba yake."

Waliendelea hivyo mpaka vikapu vikaisha. Trifena aliposimama alikuwa na nta nyeusi chini ya kucha zote, na hakujisikia ametubu wala hakujisikia mwepesi. Alikuwa amemaliza kazi tu.

Saa nne watu walikuwa wamejaa uani, wamevaa nyeusi tupu, mvua ya rasharasha ikiwashukia mabegani. Trifena alisimama mlangoni na bakuli. Wa kwanza alikuwa Bwana Sutcliffe mwenyewe, aliyekuja kuiona kazi yake. Akapokea biskuti uchi, akaitazama, akamtazama Trifena, akafungua mdomo.

"Usiniulize," alisema Trifena.

Akafunga mdomo.

Basi ikatokea shida ambayo hakuna aliyeifikiria. Biskuti isiyo na karatasi utaipeleka wapi? Huwezi kuitia mfukoni mwa koti la msiba, itavunjika. Huwezi kuishika mkononi mpaka makaburini, mvua inanyesha na mikono inatakiwa na vitabu vya nyimbo. Watu wa Oxroyd walisimama uani kila mmoja na biskuti yake, wanatazamana. Mwishowe mzee mmoja wa kiwandani, aliyefanya kazi mashine ya pili kutoka kwa Zila, akaiuma. Wengine wakafuata. Uwanja mzima wa waombolezaji ukawa unatafuna.

Na kwa kuwa hapakuwa na karatasi ya kuinamia, walilazimika kuongea. Mzee wa kiwandani alisema Zila aliwahi kumtukana msimamizi kwa midomo tu, bila sauti, tusi zima kuanzia kwa babu yake, na msimamizi akadhani anaomba dua. Watu wakacheka na makombo yakaruka. Mtu akasema Zila alikuwa akimpa nusu ya mkate wake kila Alhamisi na hakuwahi kumweleza kwa nini Alhamisi. Trifena aliyasikia yote haya. Mengi hakuwa anayajua. Aliona kwamba hayajui, kama vile alivyoona dirisha chafu.

Wa mwisho mlangoni alikuwa mwanamke mgeni, wa miaka hamsini hivi, viatu vimejaa tope la njia ya mlimani. Alijitambulisha kuwa ni Bi Crabtree, ametoka bonde la pili. Zamani alifuma pamoja na Zila. Akapokea biskuti, akaigeuza chini juu.

"Samahani, mama. Ya kwangu haina karatasi."

"Zote hazina."

"Haa! Jamani!" Uso wake ukasinyaa. "Nimekuja kwa miguu yangu maili saba. Si kwa ajili ya karatasi, Mungu anisamehe, kwa ajili ya Zila. Lakini nilisema moyoni, nikifika nitapata mpya. Ya kwangu imechakaa, inakatika kwenye mikunjo."

"Nimezichoma," alisema Trifena. "Ndivyo alivyotaka."

"Zila? Mbona ni yeye aliyenipa hii!" Mwanamke akaingiza mkono kifuani, akatoa Biblia ndogo, na kutoka kwenye Biblia karatasi iliyogeuka rangi ya chai. "Nilipofiwa na mwanangu sikuwa na uwezo wa biskuti. Zila akaja na karatasi moja, bila biskuti, akanipa kalamu ya risasi. Akaniambia, hapo palipoandikwa Lili, pafute, andika wako. Nikamwambia, mimi mwandiko wangu ni kama kuku kapita. Akasema, wewe andika tu, lakini usiache mtu mwingine akuandikie."

Trifena aliishika karatasi. Mikunjo ilikuwa imetoboka. Jina la Lili lilikuwa limefutwa kwa mistari miwili iliyokandamizwa mpaka ikachana karatasi, na juu yake, kwa herufi zilizokwenda mlima na bonde, palikuwa pameandikwa *Hezekia*.

*Hezekia wetu mesinzia.*

Akahesabu. Hakutaka kuhesabu, vidole vyenyewe vilihesabu kwenye sketi, kama vilivyofanya tangu chini ya kitanda cha baba. Mizani kumi. Imezidi mbili. Mstari umevunjika kiuno, akafikiri, hauimbiki, hakuna mhariri hata mmoja angeupokea.

"Aliyeutunga alijua kulia," alisema Bi Crabtree. "Huyo atakuwa alikufa zamani. Nimeusoma kila siku ya Mungu, mama, miaka ishirini na sita, na kila siku mwanangu amelala vizuri humo ndani."

Ndani, Mama Uttley aliita kwamba wabebaji wako tayari. Trifena alirudisha karatasi. Alitaka kusema jambo la kawaida, kwamba atunze, kwamba asante kwa kuja. Mdomo wake ukasema kitu kingine, polepole, kwa kujaribu, jinsi mtu anavyojaribu ngazi kwa mguu gizani.

"Elisha wetu mesinzia," alisema.

Tisa.

Akarudia, vidole vikigonga. Imezidi moja. Mstari ulichechemea kidogo pale mwanzo, kisha ukajishika, ukaenda mpaka mwisho. Ungesomeka. Mtu angeweza kuusoma London, juu ya mchuzi, na bibi wa mbwa asingegundua. Mizani moja, na kwa mizani hiyo moja alikuwa amemnyang'anya mdogo wake mtoto, akawapa watu wasiomjua, na mdogo wake akasema haya, akaenda kuanua nguo, kisha akashuka bondeni miaka thelathini kumletea mkate.

"Elisha ni nani, mama?" aliuliza Bi Crabtree.

"Mtoto wa Zila," alisema Trifena. "Alikuwa na masikio makubwa. Alikuwa na soksi moja."

Hapo ndipo sauti ilipomkatika. Ilimuuma, jamani, ilimuuma yote kwa pamoja, ya Jumanne na ya miaka thelathini na minane, mpaka bakuli likamtoka mikononi na kuvunjika kwenye kizingiti. Mama Uttley alitoka mbio na kisu bado mkononi. Wabebaji waliokuwa wamekwisha kuinua jeneza walisimama nalo pale ukumbini, wakingoja, makombo ya tangawizi midomoni, kwa maana njia ilikuwa imezibwa na mwanamke mzee aliyekaa juu ya jiwe la mlango akimwita mtoto kwa jina lake.